Ubeti Uliobadilishwa Mnadani Karatu

Nina hasira na mwimbaji mmoja, na hasira hiyo ina umri mkubwa kuliko watoto wangu wote. Nimejaribu kuiacha. Mchungaji amenisemesha, mke wangu amenisemesha, hata daktari wa presha amenisemesha. Nawaitikia wote vizuri, nacheka nao, wakishaondoka naikuta hasira yangu imekaa palepale nilipoiacha, imekunja miguu, inanisubiri.

Na kibaya zaidi, nilimpenda. Sidhani kama kuna mtu kati ya Loliondo na Mbulu aliyempenda mwimbaji kama nilivyompenda yule. Miaka ile kila bendi ilikuwa na mwenyewe: hii ya shirika fulani, ile ya kiwanda fulani, wamevaa sare, tarumbeta nne, wapiga gitaa watano. Yeye alikuwa peke yake. Gitaa moja kavu, sauti moja ya mtu aliyelala vibaya, na nyimbo alizotunga mwenyewe. Hakuimba habari za kucheza wala za kulewa. Aliimba habari za mtu aliyekosa basi, za mjane anayehesabu sahani, za kijana aliyeandika barua akaogopa kuipeleka posta. Ukimsikia unadhani amekaa jikoni kwenu wiki nzima akiwatazama.

Nilikuwa nimehitimu madarasa ya jioni hapo Kansay. Nilihitimu wa kwanza kati ya wanafunzi elfu. Sawa, tulikuwa kumi na mmoja, na watatu walikuwa wanakuja kuota joto la karabai, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Kazi ya kwanza niliyoifanyia elimu yangu ilikuwa kununua daftari na kuandika nyimbo za yule bwana, neno kwa neno, nikizisikia redioni. Zikipigwa, nilitupa jembe hukohuko shambani nikakimbia nyumbani. Nimewahi kumwacha ng'ombe katikati ya kukamuliwa.

Daftari lilijaa, ila wimbo mmoja haukukamilika. Ulikuwa mrefu, na watangazaji waliuweka mwishoni mwa kipindi, kwa hiyo kila mara waliukata kupisha taarifa ya habari. Ni wimbo wa kijana aliyekwenda kutafuta kazi mbali, akakaa miaka mingi bila barua, kisha akarudi. Anafika usiku, anagonga mlango wa mama yake. Mama anauliza kutoka ndani, "Nani wewe?" Kijana anasema, "Mama nifungulie, ni mimi, miguu ina vumbi la nchi saba." Gitaa linapiga peke yake kidogo, ting, ting, ting, unakaza masikio, na pale mama anapotaka kujibu, mtangazaji anaingia kutueleza habari za mvua na mbolea. Nilikuwa tayari kumpiga mtu.

Lakini mimi nilikuwa msikilizaji tu. Aliyekuwa na kesi na wimbo ule ni mama yangu.

Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikwenda Tanga kukata mkonge. Alikuwa ameoa miezi minne tu. Barua ilikuja moja, aliyoandikiwa na mtu mwingine, kwamba amefika na anakula. Baada ya hapo hakuna. Kisha ikaja ile hamahama ya vijiji, tukatolewa kule bondeni tulikokuwa tukikaa tangu babu, tukajengwa upya kando ya barabara. Nyumba yetu ya zamani ikawa kichaka. Mama alilia sana, na si kwa ajili ya nyumba. Alisema, "Akirudi atakwenda kule. Atagonga miti."

Shemeji yangu, mke wa kaka, alibaki na mama. Miaka minane. Walilima pamoja, waliteka maji pamoja, walilala chumba kimoja. Hawakupata kugombana, nami sijaona jambo hilo mahali pengine duniani. Halafu mtu mmoja wa Rhotia, aliyefiwa na mkewe, mtu wa kanisani, mpole kiasi kwamba hata mbwa hawambwekei, akaleta wazee kumwomba. Wazee wetu wakakaa, wakaona ni haki: mtoto wa watu bado kijana, hana mtoto, mume hajulikani aliko. Shemeji alipoulizwa alitazama chini akasema, "Mama akisema ndiyo." Maana kwetu mke wa mwana ambaye hajulikani yu hai au amekufa, mwenye kumwachia ni yule aliyemzaa huyo mwana. Wazee wanaweza kusema mpaka ng'ombe walale. Bila neno la mama hakuna kitu.

Wakamgeukia mama. Mama akajifunga shuka vizuri, akasema, "Ule wimbo. Nikisikia kama yule mama alifungua au hakufungua, nitawajibu."

Wazee walicheka. Mama hakucheka.

Ndipo niliposhika hilo daftari kwa mikono miwili. Miezi saba nilikaa kwenye redio kama mlinzi wa lango. Mara mbili betri zilikufa, nikazianika juani, nikazitia tena. Mara nyingine zote ni mvua na mbolea. Mama anauliza, "Amefungua?" Nasema, "Hawajasema, mama." Anasema, "Basi tusubiri." Na shemeji anaendelea kupeta maharage bila kuinua kichwa. Mtu wa Rhotia naye anasubiri huko kwake, watu wanne wazima tumefungwa na ubeti mmoja.

Siku moja dereva wa trekta akatuletea habari. Yule mwimbaji anapandishwa juu, Ngorongoro, kuwaimbia Wazungu kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta, na viongozi wa Karatu wamemwomba apitie mnadani awaimbie wananchi mchana. Nilimkumbatia dereva, nikalikumbatia na trekta. Mama alikuwa na goti bovu, hakuweza kwenda Karatu kwa miguu, kwa hiyo tulimpandisha kwenye tela juu ya magunia, shemeji akakaa kando yake akimshika, na mimi nikasimama nyuma nikiimba njia nzima kwa sauti ambayo, dereva alisema, ilimharibia injini.

Mnadani siku hiyo walikuwepo watu wote walioumbwa. Wamasai walioshuka na ng'ombe kutoka juu, shuka za lubega nyekundu mpaka macho yanauma. Wakulima wa Rhotia na Kansay. Vibarua wa mashamba ya kahawa. Ng'ombe wamefungwa upande mmoja, wanapiga kelele kama vile nao wamelipa kiingilio, wakati hakukuwa na kiingilio. Katikati lori limeshushwa ubavu, ndiyo jukwaa.

Akapanda mgeni rasmi kwanza. Alizungumza juu ya matuta, juu ya vyoo, juu ya matuta tena. Jua likahama kutoka bega langu hili kwenda lile. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Ndugu mgeni rasmi, na wewe una gitaa?" Watu wakacheka, mgeni rasmi akamaliza kwa hasira, akaketi.

Ndipo akasimama yeye. Mtu mdogo! Nilitegemea mtu wa kujaza lori. Alikuwa mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni, viatu vina vumbi kama vyetu. Nililia. Sioni aibu. Nililia hata yule Mmasai wa pembeni yangu akaniuliza kama nimepoteza ng'ombe.

Wakamwekea spika inayotumia betri ya gari. Ikakoroma mara mbili ikafa. Fundi akaipiga kofi, haikuamka. Mwimbaji akasema kwa sauti ya kawaida, "Iacheni. Naomba mkae karibu." Watu tukasogea, tukakaa chini, wazee mbele. Mama na shemeji walikuwa mstari wa pili. Nilikuwa nimewatengea nafasi kwa viwiko.

Akaimba wimbo wa basi. Akaimba wa mjane. Na hapo ikatokea kitu ambacho yeye hakukijua, sisi tulikijua tangu tumboni. Kwetu mzee akisimama kuomba mbele ya watu, hasemi peke yake. Kila akimaliza mstari, waliokaa humwitikia kwa pamoja, "Eee!" Asipoitikiwa, maneno yake yanaanguka chini kama jiwe. Sasa huyu naye alisema maneno mazito, polepole, mstari mmoja anapumua, mstari mwingine anapumua. Wazee wangefanyaje? Mstari wa tatu wa wimbo wa mjane wakaanza, "Eee!"

Mwimbaji akashtuka, akashika nyuzi. "Mnanijibu?"

"Endelea kijana," mzee mmoja akamwambia, "tupo."

Akaendelea, na tukamwitikia, wanaume na wanawake, hata Wamasai ambao wana mwitikio wao wa kwao walijiunga kwa heshima. Uso wa yule mtu ulibadilika. Nadhani huko mjini huwa wanaimba naye, au wanakunywa wakimtazama. Kuitikiwa hivi, kila neno kupokelewa kwa mikono na watu mia tano, elfu, laki moja, hakuwahi. Alianza kunogewa. Hilo la kunogewa ndilo kosa.

Akaanza ule wimbo wetu.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameweka mkono juu ya goti bovu, hapepesi. Shemeji alikuwa anatazama mikono yake. Kijana wa wimbo akasafiri: "Eee." Akakaa miaka bila barua: "Eee." Akarudi. Akagonga. "Nani wewe?" Na mwimbaji akaimba, "Mama nifungulie, ni mimi, miguu ina vumbi la nchi saba." Gitaa likabaki peke yake. Ting, ting, ting. Hakuna mtangazaji, hakuna mvua, hakuna mbolea.

Na mama yangu, aliyekuwa haongei mbele ya watu hata harusini, akanyoosha shingo akapaza sauti:

"Ingia, mwanangu! Ingia!"

Mnada mzima ulipasuka. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walipiga fimbo chini, "Eee! Eee!" Mwimbaji alimtazama mama. Nilimwona. Alisita, vidole viko juu ya nyuzi, kisha akafumba macho akaimba kwamba mama alifungua mlango, akamwosha miguu mwanawe, uji ukainjikwa, jirani wakaja, ng'ombe wakafurahi, yaani kila kiumbe kilifurahi mle ndani. Na mimi nikaruka juu kwa furaha nikamkanyaga yule Mmasai.

Nilipotua ndipo nilipomwona shemeji. Hakupiga kigelegele. Alikuwa anamfunga mama shuka iliyomdondoka begani, polepole sana, na mama alikuwa anamwambia, "Umesikia? Alifungua. Umesikia mwenyewe." Naye akajibu, "Nimesikia, mama."

Basi. Wimbo umesema, na kesi imekwisha. Mtu wa Rhotia atafute mwingine. Nilisikitika kwa ajili ya shemeji, nakwambia kweli, lakini sikuwa na hasira. Wimbo ni wimbo. Mwenyewe ametunga hivyo, utamfanya nini?

Nikakimbilia gari la hoteli lililokuwa linamsubiri. Alikuwa amesimama pembeni yake akinywa maji. Nikamsalimia, nikamwonyesha daftari. Alilifungua, akaona nyimbo zake zote kwa mwandiko wangu wa jioni, mkubwa kama wa kuchora barabarani, akafurahi kweli. Alikuwa mtu mzuri, na hilo linaniudhi mpaka kesho. Akaona ule ukurasa wenye nafasi wazi.

"Huu hukuumaliza?"

"Redio, kaka. Wanaukata. Niandikie kwa mkono wako."

Akachukua kalamu, akaandika haraka, mistari minne, akatia sahihi, akanirudishia. Nikasoma. Nikasoma tena, kwa sababu mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kutoliamini jicho la kwanza. Ilikuwa imeandikwa:

*Sauti naifahamu, mlango siufungui,*
*niliyemngoja nimemzika mwenyewe,*
*kidogo kidogo, jioni kwa jioni.*
*Wewe mgeni, lala salama uendako.*

"Kaka," nikasema, "hiki ni nini?"

"Ubeti wa mwisho."

"Umeimba mwingine sasa hivi."

Akacheka. Ndiyo, alicheka! "Ah, pale? Ningefanyaje, ndugu yangu? Bibi yule amepaza sauti vile, watu wamepokea vile. Ningewaimbia kwamba hakumfungulia wangenipiga mawe. Nimewapa kitu kidogo cha kwenda nacho nyumbani."

Kitu kidogo! Nilihisi masikio yangu yanachemka, ungeweza kuinjika sufuria juu yake. Nikamweleza. Nikamweleza kaka yangu, Tanga, kichaka cha nyumba ya zamani, shemeji miaka minane, wazee, neno la mama. Alisikiliza, sikatai, na uso ulimshuka. Lakini nilipomwambia njoo umwimbie mama ubeti wenyewe, tela liko palepale, hatua hamsini, akatazama gari.

"Nimechelewa juu. Wananisubiri."

"Mama naye alikusubiri."

"Ni wimbo tu, bwana. Mwambie wewe. Si unao hapo umeandikwa?"

"Mama hasomi! Na mimi nikimsomea ataamini nani, mimi au watu wote wa mnada?"

"Ndugu yangu, wimbo ni wangu. Nikiubadilisha nimebadilisha changu."

"Kama ni chako, kaubadilishe chumbani kwako! Hapa umeshika maisha ya mtu!"

Dereva wa hoteli akawasha injini. Mwimbaji akaniwekea mkono begani, mkono wa kuagana. Na mimi, mhitimu, mtu ambaye nilikuwa nimemlilia saa moja kabla, nilimpokonya gitaa nikaondoka nalo.

Sijui kama umewahi kumwibia mtu unayemwabudu. Miguu haina uzito. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye tela, naye nyuma yangu akiita, "We bwana! We bwana, taratibu, shingo hiyo!" Alikuwa na wasiwasi na gitaa, si na mimi. Watu wakaanza kutucheka. "Mwizi wa muziki!" mmoja akasema. "Mwacheni, anataka kujifunza!" Dereva wa trekta, ambaye haachi kitu kipite, akauliza kama nitalima nalo.

Mama na shemeji walikuwa wamekwisha panda. Nikamkabidhi mwimbaji gitaa lake mbele yao. "Imba."

Akavuta pumzi. Akawaamkia, "Shikamoo mama," mama akaitikia marahaba kwa tabasamu pana, maana huyu ndiye aliyemfungulia mlango mwanawe. Kisha akaimba ile mistari minne, taratibu, bila kumtazama mtu. *Sauti naifahamu, mlango siufungui.* Hakuna aliyeitikia. Nyuma yetu ng'ombe wanapakiwa, watu wanabishana bei. Alipomaliza, lile tabasamu la mama lilikuwa bado lipo usoni, limesahauliwa tu hapo.

"Huo ni wimbo gani?" akauliza.

"Ni uleule, mama," nikasema. "Ndio mwisho wake wa kweli. Ule wa mwanzo aliubadilisha kwa sababu yako."

Mama akaniangalia. Kisha akasema kitu ambacho nimekitafutia jibu hadi leo. "Ule aliuimba akiwa huru, mbele ya watu, akaitikiwa. Huu ameuimba umemshikia gitaa. Mtu aliyeshikiwa mali yake atasema lolote unalotaka." Akageuka upande wa mwimbaji, kwa upole kabisa. "Nenda mwanangu, msamehe. Huyu ana haraka ya kumzika ndugu yake."

Nilitaka kupasuka. Mimi! Mimi niliyekaa miezi saba na redio! Nikamgeukia yule mwimbaji: sema sasa, mwambie, wewe si una mdomo? Akakohoa. Akasema, "Mama, nyimbo zina miisho mingi." Miisho mingi! Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa rasmi, ikapewa jina, ikabatizwa. Maana alikuwa na nafasi ya pili, hatua moja kutoka kwa mama yangu, hakuna wa kumpiga mawe, na akachagua tena kuwa mtu mzuri.

Ndipo shemeji alipozungumza. Hakumwambia mama wala mimi. Aliinama kutoka juu ya magunia akamuuliza mwimbaji:

"Kaka, ulipoutunga ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, dada. Chumbani."

"Hakuna aliyepiga kelele?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyekushikia gitaa?"

"Hapana."

"Siku hiyo, alifungua?"

Yule mtu alimtazama, na naomba nimtendee haki kwa hili moja, hakutazama gari. "Hakufungua, dada."

"Ahsante," shemeji akasema.

Akachukua kikapu cha vitu walivyonunua wawili, akatoa chumvi, sabuni, na kipande cha kitambaa cha mama, akavipanga juu ya gunia karibu na mkono wake. Akashuka kwenye tela. Alijikung'uta khanga.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Rhotia, mama."

Nilidhani mama atapiga yowe. Nilidhani atamlaani, mama alijua maneno. Shemeji alipiga magoti kwenye vumbi la mnadani, mbele ya watu wote wale, akakaa hivyo akisubiri mkono uwekwe kichwani. Mkono haukuja. Akainuka, akaanza kwenda kuelekea barabara kuu, hakimbii, hageuki. Alikuwa amefika kwenye mti wa mwisho pale wanapofunga punda, ndipo mama aliponipiga mgongoni kwa fimbo.

"Unamtazama nini? Msindikize."

"Mama, kwa hiyo umemruhusu?"

"Nimesema msindikize."

"Sema basi ndiyo, mama! Wazee wanataka neno."

"Mtu aliyelala kwangu miaka minane haendi njiani peke yake kama mwizi," akasema. "Wewe unawajua wezi." Na akageuza uso upande wa ng'ombe.

Kwetu anayesindikizwa ameagwa, na asiyesindikizwa ametoroka. Wazee nilipowaeleza baadaye walielewa hapohapo, hawakuuliza tena. Lakini siku ile mimi sikuelewa kitu, nilikuwa nimejaa hasira. Nilimkimbilia shemeji nikamfikia, na njia nzima ya Rhotia nilikuwa namtukana yule mwimbaji, sauti yake, shati lake, gitaa lake, hoteli yake, kreta na wanyama wote waliomo. Tukapishana na watu wa mnadani, wakadhani tunagombana.

"Shemeji," akasema mwishowe, "miaka minane nimetafuta namna ya kuuliza swali moja. Leo nimeuliza. Niache nitembee nalo kidogo."

Nikanyamaza. Kilomita nzima nilinyamaza, rekodi ambayo haijavunjwa. Akawa anatembea mbele yangu, na nilipoona mabega yake yanatikisika sikujua kama analia au anacheka, sikuuliza. Mtu wa Rhotia alikuwa anaezeka paa la banda. Alipotuona aliteremka ngazi, akasahau kwamba ngazi zina hatua, akaanguka. Walipata watoto watano. Mama yao ananiita shemeji bado.

Kwa hiyo utasema, mbona una hasira? Mambo si yalikwenda vizuri?

Yalikwenda vizuri Rhotia. Mimi nilirudi Kansay kesho yake asubuhi, nikakuta mama ameng'oa komeo la mlango. Ameling'oa kwa shoka, ubao na misumari. Nikamuuliza, akasema mtu anayetoka mbali usiku hapaswi kugonga, na huyu atakuwa amepotea kwanza kule bondeni, atafika amechoka. Kansay ya miaka ile fisi walikuwa ukubwa wa ndama, na baridi ya Julai inakata masikio. Nikamchongea komeo jipya la mkaratusi. Akalipikia uji. Nikachonga la pili, nikalifunga mwenyewe jioni, asubuhi lilikuwa chini ya sufuria. La tatu nililipiga misumari ya inchi sita, na mama, goti lake hilo bovu, alikesha akilitikisa mpaka likatoka.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alilala peke yake, mlango umerudishiwa tu, jiwe dogo chini usipigwe na upepo, na kila nilipopita kumwamkia alfajiri nilisimama kwanza pale nje, naogopa kuusukuma.

La nne sikulichonga.